Efrazia wa Watafiti

Efrazia Shemhilu alipata kazi yake kwa sababu wanaume wa Kwesongoro waliogopa kinyonga. Huo ndio ukweli, ingawa wenyewe hawapendi kukumbushwa. Mwaka 2001 Mjerumani mmoja mrefu alipanda kutoka Lushoto mjini, akaomba watu wa kumshikia vinyonga ili yeye awapime mikia. Wanaume watano wakajitokeza kwa mbwembwe, wakaongozana naye mpaka kichaka cha kwanza pembeni mwa msitu. Kinyonga alipogeuza jicho moja huku na jingine kule, wa kwanza akakumbuka kwamba ng'ombe wake hajakatiwa majani, wa pili akakumbuka msiba, na kabla jua halijapanda wote watano walikuwa na shughuli nyumbani. Efrazia alikuwa akipita na mzigo wa kuni kichwani, mtoto mgongoni. Akautua mzigo, akanyoosha mkono, na mnyama akapanda taratibu mpaka kwenye kiwiko.

"Huogopi?" Mjerumani akamuuliza kwa Kiswahili cha kitabuni.

"Naogopa njaa," Efrazia akasema. "Huyu anakula nzi tu."

Habari za mwanamke huyo zikasambaa vyuoni. Baada ya watu wa vinyonga wakaja watu wa panya, waliotega mitego chini ya vitanda na kuchana manyoya ya panya kutafuta viroboto, maana tauni ilikuwa bado haijasahaulika milimani. Wakaja wa udongo, waliochimba mashimo katikati ya maharage ya watu ili wajue ni kiasi gani cha mlima kinachoteremka bondeni Mombo kila masika. Wakaja wa popo, ambao walilala mchana kutwa na kudai chakula cha jioni alfajiri. Akaja dada mmoja wa nyimbo za kwaya, akaja kaka wa ugonjwa wa viazi, akaja na bwana wa lugha aliyemfanya Mzee Emanueli, Mmbugu wa mtaa wa juu, ataje ng'ombe kwa Kimbugu mara kumi na nne, mpaka mzee akauliza kama mgeni anataka kumnunua huyo ng'ombe au vipi.

Kila mmoja wao aliamini kwamba jambo lake ndilo pekee lililobaki kuchunguzwa duniani. Wa popo hakujua wa udongo amepata nini, na wa udongo hakuwa na habari na panya. Aliyewajua wote ni Efrazia, kwa kuwa ndiye aliyewabebea mikoba, akawatafsiria Kishambaa, na kuwazuia wasichimbe kwenye makaburi. Kwa miaka ishirini na mitatu aliwasindikiza, na kila walichofanya alikitazama kwa jicho la mtu atakayeulizwa baadaye. Walipoondoka waliandika vitabu. Katika kimoja alishukuriwa kwa jina la Eufrosina, katika kingine aliitwa mwanamke wa kijijini, na katika kile kinene kuliko vyote hakuwamo kabisa. Msomi anayejua kila kitu isipokuwa jina la mtu aliyemvusha mto, huyo nisiulizwe mimi amesoma nini.

Sasa, kuna jambo moja la Kwesongoro ambalo halikuingia katika kitabu chochote kati ya hivyo. Huko mtoto hahesabiwi. Viazi vinahesabiwa, mbao zinahesabiwa, lakini idadi ya watoto haitajwi, hasa mbele ya mgeni. Ukimuuliza mama wa watoto saba ana wangapi, atakwambia "yupo mmoja," au "tupo mimi na baba yao," na wale saba watakuwa wamesimama nyuma yake wakikuchungulia. Wala hasemi uongo. Anawafunika watoto wake jicho baya lisiwaone. Mkristo anafanya hivyo, Mwislamu anafanya hivyo. Mchungaji huihubiri vikali desturi hiyo kila mwaka, na mkewe anaifuata mwaka mzima.

Efrazia aliivunja mara moja tu. Watu wa panya walipomuuliza wangapi wanalala sakafuni, alikuwa bado mchanga kazini na alitaka kuonekana hodari. Akajibu upesi, "Watoto wanne, watatu wanalala chini." Masika ile ile mtoto wake wa tatu, Yunis, msichana wa miaka minne, akashikwa na kichomi. Barabara ilikuwa imekatika kwa maporomoko. Walimbeba kwa machela katika mvua, akafia njiani kabla hawajaiona lami. Matangani mama mkwe wake alisema neno moja tu: "Uliwahesabu."

Kwa akili yake Efrazia alijua kilichomuua mwanawe ni kichomi na barabara mbovu. Aliwahi kuonyeshwa vijidudu kwa darubini, hakuwa mjinga. Lakini kujua hakukumpunguzia kitu. Aliumia, akaendelea kuumia, na tangu siku hiyo hakumlazimisha mwanamke yeyote kusema idadi ya wanawe, hata mtafiti akiwa amesimama na kalamu mkononi anangoja.

Ndipo akaja Daktari Clemence. Huyu hakuwa daktari wa sindano, alikuwa daktari wa maji, kijana wa Kitanzania kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye adabu, anayesalimia kwanza na kuuliza baadaye. Efrazia alimpenda. Alikuja na vijana wake wenye vishikwambi kuichunguza chemchemi ya Kwesongoro, ambayo hutoka chini ya mikuyu pembeni mwa msitu na ndiyo inayonywesha kijiji kizima. Walipita nyumba zote mia mbili na kumi na nne, na katika kila mlango Efrazia alisimama katikati, upande mmoja Kishambaa, upande mwingine Kiswahili.

"Katika kaya hii, wanaotumia maji ya chemchemi ni wangapi?"

"Mimi na baba yao."

Kijana akagusa kioo, akaandika mbili. Efrazia akasikia, akajua, akanyamaza. Alinyamaza kwenye mlango wa kwanza kwa heshima, kwenye wa pili kwa mazoea, na kufika wa mia mbili alishasahau kwamba anachonyamazia ni kitu.

Ilipita miezi minane. Asubuhi moja ya ukungu mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rashidi, alimfuata shambani kwenye karoti, ameshika karatasi zenye muhuri kama mtu aliyeshika nyoka.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Hebu nisomee hapa, miwani yangu inanidanganya."

Miwani haikumdanganya. Ripoti ilisema Kwesongoro ina wakazi mia nne tisini na mbili. Ilisema maji ya chemchemi ni mengi mara tatu kuliko mahitaji yao. Kwa hiyo chanzo kingezungushiwa uzio, bomba lingepelekwa ng'ambo ya kilima kwenye nyumba mpya za wageni, na kijiji kingeachiwa bomba moja la kusimama. Mkutano wa wananchi kuidhinisha mradi ungefanyika baada ya siku tisa.

Efrazia alicheka aliposoma hiyo mia nne tisini na mbili. Asubuhi moja tu pale chemchemini huonekana watu wengi kuliko hapo. Kisha kicheko kikamkauka, maana alijua hesabu hiyo ilikotoka. Bomba moja kwa kijiji kile maana yake ni foleni tangu alfajiri, na wa mwisho kwenye foleni kuteremka mtoni, saa mbili kwenda na kurudi, njia ya utelezi. Na yeye ndiye aliyesimama kwenye kila mlango.

Akampigia Daktari Clemence.

"Shikamoo mama, habari za huko?"

"Marahaba. Mwanangu, umekipunguza kijiji changu. Watu hawakukutajia watoto wao."

Akamweleza desturi yote, na Clemence akasikiliza mpaka mwisho. "Mama, mbona hukuniambia siku ile?"

"Sikukwambia. Kosa hilo ni langu, nalibeba. Lakini ripoti ni yako."

"Siwezi kubadilisha takwimu kwa sababu mtu kanipigia simu," Clemence akasema, tena kwa upole. "Nikifanya hivyo mimi si mtafiti tena. Niletee ushahidi, mama. Ukiwa nao nitasimama nao."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Efrazia zaidi. Angekuwa mtu mbaya angemtukana akapata nafuu.

Jioni hiyo alikwenda kwa jirani yake Mwanahawa, ambaye sauti yake ndiyo wanawake wa Kwesongoro huifuata, msikitini na kanisani. Alimkuta uani akimenya njegere za kupeleka sokoni Soni. Efrazia akakaa, akachukua ungo, akamenya naye huku akimweleza. Akamaliza kwa kumwomba aongee na wenzake, kila mama asimame mkutanoni aseme idadi yake.

"Sisemi," Mwanahawa akajibu, bila kuinua macho.

"Maji yatachukuliwa."

"Maji nitayafuata mtoni. Mtoto nitamfuata wapi?" Akaendelea kumenya kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wewe Efrazia, katika watu wote, ndiye unayeniambia nihesabu?"

Efrazia akauweka ungo chini. Alinyanyuka akaenda zake, na njiani alilia, lakini kilio cha hasira. Alikuwa na hasira na ripoti, na bomba, na mama mkwe wake aliyekwisha kufa, na yeye mwenyewe. Aliona dhahiri kwamba atawapokonya wanawake wale maji yao au atawapokonya kitu ambacho yeye mwenyewe alishapokonywa, na akaapa kwamba hatafanya lolote kati ya hayo mawili.

Siku ya tatu alikuwa akipalilia, akili inazunguka palepale, akasikia kitu kikikimbia kwenye majani upande wa msituni. Funo. Alikisikia bila kukiona, kama kawaida ya funo, swala mdogo mwenye haya kuliko bibi harusi. Hapo akakumbuka wanafunzi wawili aliowasindikiza mwaka 2011, waliokaa miezi minne msituni kuhesabu funo. Katika miezi minne walimwona mara mbili. Kijiji kizima kiliwacheka kwa kuokota vinyesi kwenye mifuko ya plastiki. Na bado waliondoka na hesabu yao kamili, kwa sababu hawakumhesabu funo, walihesabu alichokiacha.

Efrazia akasimama na jembe mkononi. Mtoto wa Kwesongoro akishatembea bila kuanguka, hupewa kidumu chake cha maji. Mdogo kabisa hupata kile cha lita moja, akikua huongezewa mpaka ishirini. Kidumu kina alama ya mwenyewe, rangi au kitambaa, na ndugu yake akikigusa kuna ugomvi. Mtu akifa au akiolewa mbali, dumu lake hukatwa likawa la kumwagilia mboga. Hakuna nyumba yenye madumu ya maji zaidi ya watekaji wake.

Alirudi kwa Mwanahawa mbio mbio, tope mpaka magotini.

"Dumu linahesabiwa?"

Mwanahawa akamtazama kama mtu anayepima homa. Akafikiri. "Dumu ni plastiki," akasema.

"Basi ndiyo ninayoitaka. Hakuna atakayeulizwa ana nini nyumbani. Kila mtu na dumu lake, ni hayo tu."

Mwanahawa akayatazama madumu yaliyoegemea ukuta wake. "Na hawa wa mgongoni? Hawana madumu."

"Hao watabaki wamefunikwa," Efrazia akasema. "Na wabaki hivyo hivyo."

Siku zilizobaki alifanya kazi aliyofundishwa na watu wasiofahamiana. Watu wa panya walimfundisha kwamba kisichoandikwa alama ni takataka, kwa hiyo kila dumu liliandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Watu wa udongo walimfundisha kugawa kilima katika vipande, kwa hiyo mitaa sita ilipewa mistari sita. Kaka wa viazi alimfundisha kutomwamini mkulima anayesema shamba lake lote ni zima, kwa hiyo alipita mwenyewe na kukataa madumu kumi na moja ambayo watu walitaka kuongezea kwa ujanja, likiwemo moja la mwenyekiti.

"Efrazia, na mimi?" Mzee Rashidi akalalamika. "Nasaidia kijiji."

"Mwenyekiti, kwa heshima yako, ukisaidia hivyo tutaumbuka. Rudisha hilo stoo."

Siku ya mkutano injinia wa mradi, Bwana Paskali, aliteremka kwenye gari na jalada kwapani, akakuta uwanja wa ofisi ya kijiji umejaa madumu. Ya njano, ya bluu, meupe ya mafuta ya kupikia, makubwa na yale ya kushikika kwa vidole viwili, yamepangwa mistari sita mpaka barabarani. Watu walikuwa wamesimama nyuma ya madumu hayo. Daktari Clemence alikuwa ameshuka upande wa pili wa gari, na alipoona mistari ile hakusogea.

"Hii ni nini?" Paskali akauliza. "Maandamano?"

"Shikamooni wageni wetu," Efrazia akasema, ingawa Paskali alikuwa wa rika lake, kwa sababu alitaka kila kitu siku hiyo kiwe sawasawa. "Hii ni hesabu ya wanaokunywa ile chemchemi. Mtu mmoja, dumu moja. Ni elfu moja mia tatu na sita. Wa mgongoni hawamo."

Paskali akacheka kidogo, cheko la ofisini. "Mama, ripoti imefanywa na wataalamu. Huwezi kupinga utafiti kwa vyombo vya jikoni. Hii siyo mbinu."

"Ni mbinu. Nimewashikia mikoba watu wa vyuo kumi na saba, bwana mkubwa. Nimeona popo akihesabiwa kwa sauti, nimeona mlima ukipimwa kwa matope yaliyo mtoni, na nimeona vijana wawili wakipewa digrii kwa mavi ya funo. Zote hizo ni mbinu. Ya kwangu tu ndiyo vyombo vya jikoni?"

Watu wakacheka, na Paskali akakunja uso. "Nani atanithibitishia kwamba hamkuazima haya madumu vijiji vya jirani?"

Hapo ndipo Daktari Clemence alipotembea mpaka mstari wa kwanza. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Akauliza, "Mama, naweza kupima sampuli?"

"Pima. Usichukue ya mbele tu."

Akachagua ishirini, moja huku, moja kule, bila mpangilio ambao mtu angeweza kuutabiri, akasoma jina la kila moja kwa sauti. La kwanza lilikuwa na utepe mwekundu: Nasra. Msichana wa miaka mitano hivi akatoka mikunjoni mwa kanga ya Mwanahawa, akaja mbio, akalikumbatia na kumtazama daktari kwa chuki, akidhani anaibiwa. La pili, Mika. La tatu, Benjamini, mzee wa miaka themanini na kitu, akaja na fimbo yake akilaani kucheleweshwa. Walitoka ishirini, wenye madumu ishirini, na hakuna aliyeuliza lipi ni lake. Clemence alikuwa akiandika. Alipofika la ishirini aliinua macho kutoka kwenye karatasi, na Efrazia akamwonea huruma, maana anajua mtu anavyojisikia anapoona kosa lake limesimama mbele yake na miguu.

"Ripoti yangu si sahihi," Clemence akamwambia Paskali, mbele ya watu wote. "Kijiji hiki ni karibu mara tatu ya nilivyoandika. Hakuna maji ya ziada hapa."

Paskali akalishusha jalada kutoka kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeagizwa. Akafungua jalada, akatoa karatasi. "Kuna fomu ya pingamizi la kitaalamu," akasema. "Ikisainiwa leo, uzio na bomba vinasimama mpaka hesabu irudiwe upya. Lakini isainiwe na mtaalamu aliyeongoza zoezi. Daktari, weka sahihi yako hapa tumalize."

Clemence akaipokea fomu, akaitazama, asiandike. "Mimi niliongoza lile lililokosea," akasema. "Hili liliongozwa na mama."

Akampa Efrazia fomu na kalamu, kwa mikono miwili.

Paskali akamtazama yule mwanamke mwenye kanga iliyopauka na ndala za tope, kisha akaitazama fomu. "Kuna nafasi ya elimu hapo," akasema taratibu, kama anayemwonya asije akaumia. "Ni lazima ijazwe. Ukiiacha wazi, ofisini hawataipokea."

Efrazia aliegemeza fomu kwenye dumu la lita ishirini. Kwenye jina akaandika Efrazia Shemhilu, herufi kwa herufi, ili safari hii wasikosee. Kwenye kazi akaandika mtafiti. Kwenye elimu akaandika darasa la saba, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka alama ikatokea nyuma ya karatasi, kisha akatia sahihi na kumrudishia.

"Nimeijaza," akasema. "Ipeleke."